Mama Mkwe Nyuma ya Mlango

Bungoma, 12 Agosti 2003. Asubuhi manyunyu, baridi kidogo.

Dada Wambui, natumaini Kitale mmeamka salama.

Leo nimekula kuku kwa yule mwalimu mstaafu aliyetunga hadithi unayofundisha, ya mama mkwe anayeongea nyuma ya mlango tu. Nikamweleza unavyofundisha kwamba mlango ni serikali iliyoziba watu midomo. Kabla hajajibu, sauti ya bibi kizee ikatoka jikoni: "Muulizeni mgeni kama ameshiba."

"Huyo ni mama mkwe wangu," akasema. "Huku hatuonani uso kwa uso. Ni heshima."

Nikamkumbuka mwanafunzi wako Nafula, uliyempa sufuri kwa kuandika hivyo hivyo.

"Kwa hivyo serikali haimo?"

"Imo pia. Miaka ile askari walinitafuta kwa sababu ya maandishi yangu, nikajificha kwa huyu mama, chini ya kitanda chake. Akawajibu bila kufungua mlango: 'Tangu lini mkwe akalala kwa mama mkwe wake?' Walikuwa vijana wa huku. Wakaona aibu, wakaenda."

"Na mbona kitanda hukukiandika?"

"Serikali ningeivumilia. Watu wa hapa wangenicheka mpaka kaburini."

"Na alikuwa anakoroma," ikasema ile sauti ya jikoni.

Shule zikifunguliwa, mrudishie Nafula alama zake. Wewe nimekupa nusu, na ni kwa sababu nakupenda. Wabusu watoto.

Sasa ni saa tatu na dakika ishirini usiku, naenda kulala.

Nduguyo, Njeri