Jile Safi za Mama Nyota

Yaya Furaha,

Mulilala aje huko Uvira? Hapa Baraka ziwa limechafuka, boti haitoki leo. Mama Nyota, mwenye boti, alisikia kama naziba mipira ya piki, akaniomba niangalie jile zake za kuzuia muntu asizame, zile zinavimba zenyewe zikiingia majini. Nikazipuliza kwa mdomo, nikazipaka sabuni. Hakuna hata moja inayovuja. Lakini kachupa ka gesi ndani ya kila jile kalikuwa kametobolewa, gesi imeisha.

"Nilizifua zote ziwani," akasema. "Sipendi bageni bavae uchafu. Zikavimba, nikazitoa upepo, nikazikunja muzuri."

Nikamwambia kachupa kanafanya kazi mara moja tu, kisha kanabadilishwa. Akauliza, jile moja mikononi, "Na bale nilishavusha?"

Na mimi nilivaa moja kuja huku, ndiyo maana nilisinzia njia yote. Kumbe nilikuwa nimevaa maombi yako tu, Yaya. Usiyaache mupaka nifike.

Mudogo wako,
Amani