Wifi, Wanasema Hukujua

Mpendwa wifi yangu Koku,

Juzi kulikuwa na mkutano wa kijiji. Bwana mmoja kutoka ofisini, shati limepigwa pasi likakubali, alisimama akasema wanawake wa huku kwetu Muleba wanakufa kwa uzazi kwa sababu hawana uelewa. Hawajui njia za uzazi wa mpango, ndiyo maana wanabeba mimba juu ya mimba. Kisha akatoa mfano. Alisema yupo mama mmoja wa hapahapa, jina hatalitaja kwa heshima ya familia, aliyefariki miaka miwili iliyopita kwa uzazi wa sita, na laiti mama yule angejua, leo tungekuwa naye. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Kaka yangu Deo, mume wako, alikuwa amekaa mstari wa mbele. Naye akatikisa kichwa.

Hukujua? Wewe, Koku? Nilitaka kusimama nimuulize yule bwana amepata wapi habari zako. Sikusimama. Niliondoka kimyakimya kabla mkutano haujafungwa, na tangu siku hiyo nimekuwa nikikuandikia kichwani, nikipika, nikipalilia kahawa, nikisali. Leo nimechukua kalamu. Na kwa kuwa barua hii haina njia ya kukufikia huko uliko, waisome hawa waliobaki, maana wao ndio hawajui.

Unaikumbuka ile Jumanne tuliyokuwa kliniki pamoja? Wewe ulikuwa na mimba ya tano, mimi ya tatu, na mama alikuwa akitutania kwamba tunashindana. Tulikaa benchi moja, tumegawana mkungu mdogo wa ndizi mbivu uliotoka nao nyumbani kwako. Nesi akauliza nani anaweza kutaja njia za uzazi wa mpango. Kina mama wote wakaanza kutazama kandambili zao. Wewe ukainuka, mkono mmoja kiunoni, ukahesabu kwa vidole vya mkono wa pili: vidonge, sindano, kijiti, kitanzi, kondomu, kufunga kizazi cha mke, kufunga cha mume, kalenda, na kunyonyesha kama mtoto hapewi kitu kingine. Nesi akasema umemaliza zote. Ukasema hapana, imebaki moja.

"Mume kufanya kazi Kemondo."

Tulicheka jamani. Deo wakati ule alikuwa anapakia mizigo bandarini Kemondo, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi, na kila mtu pale alijua. Nesi mwenyewe alifuta machozi ya kicheko. Halafu akaandika kwenye daftari lake kwamba kina mama wamepata somo na wameelewa. Aliandika kweli, tulikuwa tumeelewa.

Baada ya somo ulimfuata chumbani, ukaniambia niingie nawe. Ulimweleza uzazi wa nne ulivyokwenda, damu iliyolowesha khanga tatu, na kwamba ulipomaliza kujifungua ulikuwa unawasikia watu wanaongea kama wako mbali ng'ambo ya bonde. Nesi akakwambia kizazi chako kimechoka, kipumzike. Ulikuwa umeshaamua kabla hajauliza. Ulitaka kitanzi, kiwekwe palepale baada ya kujifungua kabla hujatoka zahanati. Ulisema kijiti mtu anakipapasa mkononi, sindano inataka kuaga nyumbani kila baada ya miezi mitatu, vidonge havina pa kufichwa kwenye nyumba yenye watoto. Nilikushangaa. Ulikuwa umelipigia hesabu kila jambo kama anayepanga safari ya mbali.

Ulimwomba nesi asiandike kwenye kadi. Akasema asipoandika, mkunga atakayekuwa zamu siku hiyo hatajua. Basi akaandika. Tulipofika njia panda ukanipa ile kadi, ukaniambia, "Wifi, kaa nayo wewe. Kwangu inasomwa."

Nami nikakaa nayo, Koku. Nilikaa nayo kama tunavyokaa na karatasi zote kwetu. Unajua nyumbani kwa mama liko sanduku la bati chini ya kitanda chake, ndimo vinamokaa vyeti vya ubatizo vya ukoo mzima, kipaimara, ndoa, kadi za kliniki za wajukuu, hata risiti ya bati la jikoni. Mama hajui kusoma. Nikajiambia hakuna mahali salama kuliko mikononi mwa mtu asiyejua kusoma, nikaiweka kadi yako pamoja na yangu. Sikufikiri kwamba mwanao wa pili alikuwa anajiandaa kwa kipaimara na kwamba paroko angetaka cheti cha ubatizo. Deo alikuja kukitafuta. Alilimwaga sanduku lote kitandani, akasoma karatasi moja baada ya nyingine mpaka akaifikia kadi yako.

Hakupiga kelele. Ndilo linalonikera mpaka leo, kwamba alikuwa mtulivu kabisa. Alikwenda zahanati, akazungumza na mganga mfawidhi, mwanaume kwa mwanaume, akasema yeye kama mume hakushirikishwa. Mganga akachukua kalamu nyekundu akapiga mstari juu ya neno kitanzi. Deo alitusimulia mwenyewe tukila, kama mtu aliyetoka kurekebisha jina lililokosewa kwenye orodha. Baadaye, ukiwa umeshazikwa, nilimuuliza nesi mmoja mstaafu anayekaa Kahororo kama sheria inataka saini ya mume. Alinitazama kwa mshangao. Akasema uamuzi ni wa mwanamke mwenyewe, na mganga yule hakuwa na ruhusa ya kugusa kadi yako. Kwa hiyo hata sheria ilikuwa upande wako. Ilikuwa upande wako, imekaa mahali fulani kwenye kabati, na hakuna aliyekwenda kuichukua.

Siku ya kujifungua ulimwonyesha mkunga ile kadi. Akautazama ule mstari mwekundu, akakwambia urudi baada ya wiki sita ukiwa na mumeo. Mimi nilikuwa nimekushika mkono. Uligeukia ukutani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo yule bwana wa shati la pasi hawezi kulijua, na ambalo sisi tunalijua na hatulisemi. Wazee wa Kihaya wana desturi yao ya bisisi. Mwanaume wa kwanza kulala na mwanamke aliyetoka kujifungua, mtoto atakayefuata ni wake, iwe isiwe. Kwa hiyo mume mwenye akili zake hachelewi, asije akatanguliwa. Wewe ulikuwa bado unatembea umeinama, maziwa yanakuuma, na Deo akaomba ruhusa kazini akarudi. Mama alinituma niwachukue watoto wakubwa nikae nao kwangu. Nilijua kwa nini ananituma. Mtu mzima hawezi kujidai hakujua. Niliwashika mikono nikaondoka nao, na wewe ulisimama mlangoni na kichanga kifuani, ukanitazama tu.

Mtoto wa sita alikuwa ameshapata baba kabla jeraha lako halijapona. Kila mtu alikuwa na haki juu yake, baba yake, bibi yake, ukoo. Mwenye tumbo peke yake ndiye hakuulizwa kama anamtaka.

Ulirudi zahanati baada ya wiki sita, peke yako. Ukarudishwa. Ukaenda tena, ukamwambia mganga mumeo yuko Kemondo, akasema atasubiriwa. Mara ya tatu ulikuja kwangu badala ya kwenda huko. Nilikuwa nachuma maharage kwenye kibanja, ukakaa chini ya mgomba bila hata kutandika kitu, wewe uliyekuwa unaogopa utomvu usiharibu khanga. Ukasema, "Imeshaingia, Editha." Hukuwa unaniita jina langu, siku zote nilikuwa wifi. Nikaanza kukupa moyo, eti Mungu anajua, eti mtoto ni baraka. Nakumbuka kila neno nililosema na ninajionea haya. Ulinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha ukainuka ukanisaidia kuchuma.

Mwisho wako naufahamu dakika kwa dakika, lakini nitausema kwa ufupi. Mtoto alitoka salama asubuhi, damu ikakataa kusimama, zahanati wakasema twende Bukoba. Tulipata gari la mtu. Nilikupakata kichwa. Kabla ya Kemondo uliniuliza kama mtoto ameshanyonyeshwa, nikasema ndiyo, nilikudanganya. Pale Kemondo gari lilisimama kumchukua Deo, aliyekuwa anasubiri barabarani na nguo zake za kazi. Alipofungua mlango ulikuwa umeshaondoka.

Mtoto ni wa kike. Wamempa jina Kemilembe, la amani. Ninamlea mimi, na anapenda kulalia mkono wangu wa kushoto kama ulivyokuwa unalala wewe zile siku za kwanza ulizoletwa kama bibi harusi, nami nilikuwa bado nasoma, nikapewa kazi ya kulala nawe chumba kimoja usione upweke. Sikukupenda wakati ule. Ulikuwa unamenya ndizi haraka kuliko mimi na mama hakuacha kukusifu. Ukanimaliza kwa senene. Msimu wa kwanza ulinifichia bakuli zima la panzi hao, wamekaangwa, nyuma ya mtungi, ukasema usimwambie kaka yako. Hiyo ndiyo siri ya kwanza uliyonipa, na hiyo niliitunza vizuri.

Nina hasira, Koku, na sijui pa kuzipeleka. Nimemkasirikia Deo, ambaye bado anakula kwangu Jumapili na ninampakulia. Nimemkasirikia yule mganga. Nimemkasirikia yule nesi aliyecheka nasi, kwa sababu alijua ulichokitaka na alipoona mstari mwekundu hakuuliza. Nimejikasirikia mimi na akili zangu za sanduku. Hata wewe nimekukasirikia, kwa kuomba kwa upole. Mama nilimwambia yote, jioni moja tukichambua mchele. Nilimwambia alisaidia kukuua. Hakukasirika. Aliendelea kuchambua, kisha akasema, "Mimi nilizaa tisa. Nani aliniuliza?" Nilikuwa nimekwenda kutafuta mkosaji, nikamkuta mtu anayefanana nawe.

Lakini kuna jambo jipya, nalo ndilo limenifanya nimalize barua hii. Asimwe, binti yako mkubwa, ana mimba. Aliolewa mwaka jana Izimbya, kwa fundi ujenzi mmoja mpole, na mimi kama shangazi ndiye niliyekaa naye ndani kabla ya harusi kumfundisha ya nyumba, kama desturi inavyotaka. Sikumfundisha hata moja la kumsaidia. Nilimfundisha kupiga magoti.

Wiki hii nilikwenda kumtembelea, nikamsindikiza kliniki ya kulekule kwao. Nesi ni binti mdogo, mwepesi, anaongea Kihaya na wanaotaka Kihaya. Aliwafundisha yaleyale, wakataja yaleyale, na Asimwe wako alizijua zote, tena bila kuinua sauti. Tukaitwa chumbani. Nesi akampima, akamwambia mtoto anacheza vizuri, halafu akamuuliza akishajifungua angependa atumie njia gani.

Asimwe alinitazama. Nilimkunjulia uso, nikadhani anaona haya, nikataka kumwambia sema tu mwanangu. Akanitangulia, kwa ile sauti ya adabu wanayoongea nayo watoto wako wote.

"Shangazi, naomba utusubiri nje."

Nilikaa kwenye benchi nje na mikono mapajani. Mimi ni dada wa baba yake. Alikuwa mkubwa wa kutosha siku ile nilipomshika mkono nikamwondoa nyumbani kwenu, na alikuwa ndani siku baba yake alipolimwaga lile sanduku. Hakunivunjia heshima. Alifuata tu alichofundishwa na macho yake. Iliniuma, wifi, nisikudanganye, iliniuma mpaka nikainama. Na hapohapo nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi tangu uondoke.

Alipotoka alifunga khanga yake vizuri akasema twende. Njiani tulizungumza majina ya mtoto. Sikumuuliza chochote. Kama ameandikiwa kadi sijui, inakaa wapi sijui, amechagua nini sijui.

Jioni Deo alipiga simu. Aliuliza hali ya binti yake, kisha akauliza huko kliniki wamempangia nini. Nikamwambia sijui. Akasema, wewe si ulikuwa naye? Nikasema nilikuwa nje. Akauliza tena, safari hii kwa sauti ya kaka mkubwa, na mimi tangu utoto sauti hiyo haijawahi kutoka kwangu mikono mitupu. Nikamwambia amuulize mwenye tumbo, na simu nikaikata mimi.

Lala, Koku. Hasira hizi niachie, bado nina kazi nazo.

Wifi yako