Mtu wa Pili Kwenye Mstari

Jumapili, 2 Novemba

Mzee karudi mlimani kanuna. Kavua viatu mlangoni, kaingia kuoga, hata "nimerudi" hakusema. Supu ya miso imepoa mezani.

Nikajua. Wamemweka wa pili!

Kwenye chama chao cha wapanda milima hapa Kobe, kiongozi hutangulia, na anayemfuata mgongoni ni yule aliye dhaifu kuliko wote, ili msafara mzima uende kwa mwendo wake. Hakuna anayelitamka. Unapangwa tu, nawe unaelewa. Na aliyewafundisha hivyo ni Tetsuro mwenyewe, mume wangu, miaka yote aliyowaongoza.

Jumatatu, 3 Novemba

Sikukuu. Bwana Kuramochi, kiongozi mpya wa chama, kapiga simu Mzee akiwa bustanini. Anaomba radhi kila baada ya maneno mawili. Eti miguu ya Mwalimu siku hizi inateleza pasipo utelezi. Eti wamemdaka mara kadhaa. Wangependa ahamie kundi la njia nyepesi — maporomoko ya Nunobiki, kibanda cha chai, kurudi nyumbani mapema. Ila kumwambia wenyewe hawathubutu.

"Mama, wewe ndiwe mkewe. Kwako atasikia."

Kwangu! Mtu ambaye hata nikimwambia chai ni ya moto huonja kwanza!

Nikajibu sawa. Wakati wa chakula cha jioni nikafungua kinywa, nikasema figili za mwaka huu ni tamu. Akakubali kuwa ni tamu.

Jumanne, 4 Novemba

Sijasema.

Jumatano, 5 Novemba

Kasema yeye. Kesho anakwenda Mgongo wa Farasi, kule Suma, peke yake. Ile njia ngumu! Ukingo mwembamba wa mawe yanayomomonyoka, kushoto korongo, kulia korongo.

"Kesho kuna upepo mkali, Baba Chinatsu."

"Upepo niliujua kabla sijakujua wewe."

"Na daktari je? Si alitaka urudi kwa vipimo?"

"Daktari mwenyewe hupanda ghorofa kwa lifti."

Nikampigia Chinatsu, binti yetu, huko Nagoya. Kacheka. Kasema milima ndiyo inayomwogopa baba, mimi nipunguze wasiwasi. Sasa nimwambie nani? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Na mkuu mwenyewe amsikie nani?

Basi nikamwambia Mzee, nami naja. Mimi ambaye mwisho wangu ni Nunobiki, tena kwa kupumzika njiani! Nilitaraji akatae. Akasema: "Vaa soksi nzito."

Nimefinyanga matonge ya wali ya watu wawili.

Alhamisi, 6 Novemba

Naandika nikiwa nimekaa juu ya jiwe. Sina kingine cha kufanya.

Asubuhi yote alikuwa mzima, tena mchangamfu, ananionyesha kila mahali — hapa kanyaga, pale usiguse. Tukafika Mgongo wa Farasi. Akaingia, nikamfuata. Katikati kuna kijisehemu bapa, akasimama hapo. Nikadhani anatazama bahari. Kumbe miguu inatetemeka, suruali yote inacheza! Akakaa chini taratibu, akashika mwamba. Hawezi kwenda mbele. Hawezi kurudi.

"Niwapigie zimamoto watuokoe?"

"Waje na helikopta, Kobe nzima itazame? Ukigusa hiyo simu, Mama Chinatsu, mimi na wewe basi!"

Nikamwomba. Nikalia. Nikamgombeza, jambo ambalo sijapata kulifanya. Yeye anakunywa chai, na nusu inamwagikia kifuani.

Vijana wawili wakapita na salamu zao. "Tunapumzika kidogo," akawaambia, kwa sauti ile ya uongozi. Wakaisifu kofia yake, wakaenda.

Kisha hakupita mtu muda mrefu. Upepo tu. Jua limeinamia upande wa kisiwa cha Awaji. Mara wakatokea mama mmoja na mumewe, wa mwisho nadhani, taa zao tayari kichwani. Yule mama akasimama. Aliiona mikono ya Mzee.

"Jamani, mko salama kweli?"

Sema, nikamwambia Mzee rohoni. Sema basi!

"Ni mke wangu," kasema Mzee, anacheka. "Miguu imemwisha. Hajazoea. Namsubiri."

Wote wakanigeukia. Na yeye pia. Miaka yote hii sijamwona akinitazama hivyo. Alikuwa ananiomba.

Nikainamisha kichwa. "Ndiyo," nikasema, "ni miguu yangu. Samahani kwa usumbufu. Tangulieni tu."

Wametangulia. Bado nasikia sauti zao huko chini. Bado naweza kuwaita. Mzee kanishika mkono wa kushoto, wake ni wa baridi, hauachi kutetemeka, na ananiambia asante, asante —