Baba Kinyozi, Shangazi Ameruka Mara ya Mwisho

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipozima mashine yako ya kunyolea, ukaenda kulazwa hospitali na usirudi tena. Watu bado wanachungulia mlangoni mwa saluni kuuliza kama upo. Kitinda mimba wako ndiye aliyeshika mashine sasa, na tusimnyime haki yake, anajitahidi. Lakini hamwachi mteja na nusu ya kichwa akakimbilia nje, na wateja wako wa zamani wanasema saluni imepoa.

Ulikuwa na mkono mwepesi, na hakuna mtoto aliyelia kwenye kiti chako. Ila ukisikia mngurumo angani, unazima mashine, unainua kidole, unasikiliza. Injini mbili, unaendelea kunyoa. Injini nne, basi mteja shauri yake. Yuko bwana harusi uliyemwacha na kichwa cha upande mmoja, wasimamizi wake wakihangaika na saa zao, wewe uko nyuma ya saluni umekodoa macho juu. Ulirudi unatabasamu, ukampa mkono na kumwambia, "Hongera, umepitiwa na Shangazi." Hakuelewa kitu. Lakini alicheka, na wanawe wote wamenyolewa kwako.

Shangazi ndilo jina ulilompa yule ndege mkubwa wa zamani aliyekuwa akienda nchi za mbali bila kutua njiani. "Akija, lazima nyumba nzima ijue," ulisema, "na akiondoka, vyombo vinabaki vinatikisika." Dada yako, shangazi yetu wa kweli, alinuna. Ulipokwenda kumwomba radhi ukaharibu zaidi, maana ulimwambia kwamba ni heshima kubwa chombo chenye kiuno kama kile kuitwa kwa jina lake. Hakukupikia chai muda mrefu.

Mama yeye alimwita mke mwenza. Alisema kwa utani, lakini wote tulijua kuna kidonda kidogo mle ndani ya utani. Wewe ukitoka mbio, yeye alisonya na kutafuta cha kufagia. Katika ndoa yenu yote hakuwahi kuinua uso Shangazi alipopita. Alikuwa akiinama makusudi, na tunajua, kwa sababu ametuambia mwenyewe, kwamba alikuwa akiinama huku anatamani kujua ni kitu gani unakiona kule ambacho nyumbani hakipo.

Na sisi pia tulitaka kujua. Ulikuwa mtu wa maswali, Baba. Mteja akitoka safari ulimhoji kama askari. Alikaa upande gani? Bawa linapinda chombo kikinyanyuka, au ni macho ya watu wa chini? Masikio yanaziba wakati gani? Na mbona chuma kizito vile kinakubali? Fundi wa ndege, yule rafiki yako wa karakana ya uwanjani, alikuwa akileta kichwa chake kabla nywele hazijaota, ili tu mkae mbishane kuhusu injini. Kifungua mimba wako alipopata kazi nzuri akataka kukukatia tiketi usafiri na Shangazi angalau mara moja, ulikataa katakata.

"Nikiwa ndani," ulimwambia, "nitamwonaje?"

Ulikuwa kitandani hospitali fundi alipokuja na habari. Hukuona ndege kutoka dirisha lile, ulisikia tu, na bado ulikuwa ukitupangia: huyo ana mbili, mwacheni apite. Fundi akakwambia kwamba shirika linawastaafisha akina Shangazi wote. Wanakunywa mafuta mno, vipuri vyao vimekuwa adimu, na ndege mpya za injini mbili zinafika kulekule bila shida. Ukauliza, kama kawaida yako, "Wanampeleka wapi?"

"Jangwani," fundi akajibu. "Hewa ya kule ni kavu, hashiki kutu. Wanamwegesha na wenzake, halafu wanamfungua polepole. Kinachofaa kinafungwa kwenye ndege nyingine."

"Kumbe ataendelea kuruka vipandevipande," ulisema, na uso wako ukatulia kidogo.

Ndipo ukatugeukia. "Mimi simuwahi. Siku yake ya mwisho nendeni mkamwangalie vizuri, halafu mniambie alikuwaje."

Mama alikuwa anakumenyea chungwa. Akasema bila kuinua kichwa, "Utamwangalia mwenyewe." Haikuwa hivyo. Ulituacha wiki ileile, na sisi tukabaki na deni la kukuambia.

Basi tunakuambia, Baba, na tunakuambia hadharani, ili wote uliowaacha vitini nao wasikie.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi uliopita. Tulijua ataruka mchana, na tulijipanga mapema nyuma ya saluni, palepale kwenye uwazi wako, mahali ambapo majani yameshakata tamaa ya kuota kwa kukanyagwa nawe. Walikuwepo kifungua mimba aliyeomba ruhusa kazini, kitinda mimba aliyefunga saluni, na shangazi wa kweli aliyevaa nguo mpya na kusema hajaja kwa ajili ya mtu. Mama tulimwekea kiti. Alikataa kuja. Alisema ana nguo za kuanika.

Sasa hapa kuna jambo ambalo hatukulijua, na Mama mwenyewe hakulijua mpaka siku hiyo. Unakumbuka ulivyokuwa ukitoka uani asubuhi na mswaki mdomoni, ukimuuliza, "Mama watoto, nguo zimelalia wapi leo?" Naye anatazama zinakopeperukia kambani, anakujibu: ukutani. Au, siku chache, mlangoni. Mama aliishi akiamini kwamba ameolewa na mwanamume anayejali nguo zikauke. Aliwatambia majirani. Wapo wanaume waliosemwa na wake zao kwa sababu yako.

Mchana ule aliutundika upande mmoja wa shuka kwenye kamba, na shuka likamrudia usoni. Akaliondoa, likamrudia tena. Lilikuwa limelalia mlangoni. Akasimama pale, vibanio mkononi, akakumbuka kwamba siku nguo zinapolalia mlangoni hukuwa ukienda nyuma ya saluni. Ulikuwa ukishika njia ya shule. Akampigia simu kitinda mimba.

"Mko wapi?"

"Nyuma ya saluni, Mama. Kiti chako kiko kivulini."

"Tokeni hapo. Nendeni shuleni."

"Shuleni kufanya nini? Baba alikuwa anasimama hapa!"

"Alikuwa anasimama hapo upepo ukitokea upande huo. Leo umegeuka. Atarukia upande wa shule."

"Nani kakwambia?"

"Baba yako! Miaka yote ananiuliza habari za nguo, kumbe ananiuliza habari za huyo mwanamke wake! Acheni kunikodolea simu, kimbieni!"

Ndege huruka ikiukabili upepo, Baba. Wewe ulijua hivyo, na hukufikiri kwamba kuna mtu wa kuambiwa. Sisi tulikuwa tumesimama mahali ulipozoea kusimama, tumeshikilia kiti, na Shangazi angetutoka kwa nyuma tukiwa tumempa mgongo. Ahadi yetu yote kwako ingeishia hapo.

Tulikimbia. Kifungua mimba wako, mtu mzima mwenye cheo, aliruka mtaro. Shangazi wa kweli alivua viatu akavishika mkononi, akilalamika njia nzima kwamba jina lake litamuua. Kitinda mimba alibeba kile kiti mpaka shuleni, na hadi leo hajui kwa nini. Tulipofika uzio wa kiwanja cha shule tulimkuta Mama keshatangulia, kapita uchochoroni, anahema, vidole vyake vimekamata wavu.

Kisha tukamsikia. Sauti ilianza miguuni, ikapanda. Wanafunzi waliokuwa wakicheza mpira wakausahau mpira. Shangazi akatokea juu ya mapaa, mkubwa kuliko tulivyomkumbuka, injini zake nne zote zikiunguruma, na kivuli chake kikaanza kutambaa kiwanjani kuja kwetu.

Tukuambie ukweli wote. Ulituagiza tumwangalie vizuri, na hatukumwangalia. Mama aliinua uso. Alikiinua kichwa chote nyuma, mdomo wazi, macho hayapepesi, kibanio cha nguo kimembana kidole na hana habari, na kadiri Shangazi alivyopita ndivyo naye alivyogeuka, taratibu, asipoteze hata kidogo. Hatukuwahi kumwona Mama hivyo. Sisi sote watatu, shangazi wa kweli akiwemo, tulikuwa tunamtazama yeye. Tulipokumbuka kazi uliyotupa, Shangazi alikuwa ameshabaki mkia, anaingia mawinguni.

Kwa hiyo usituulize kama magurudumu yalikunjwa mapema au yalichelewa. Usituulize kama alitoa moshi. Tulitamani sana kukujibu, na tunasikitika kwamba hatuwezi. Aliyemwona ni mkeo peke yake.

Alibaki amesimama mpaka sauti ikaisha kabisa na watoto wakarudi kwenye mpira wao. Shangazi wa kweli akamsogelea.

"Wifi, umeona nini?"

Mama akatugeukia sisi.

"Mwambieni baba yenu alikuwa mzuri," akasema. "Mwambieni nyinyi. Mimi nikianza, nitalia."

Tumekwambia, Baba.

Wanaokukumbuka: mkeo, aliyekaa nasi mezani tukiandika haya na kukataa neno lake kufutwa, binti yako kifungua mimba, mwanao kitinda mimba, dada yako, ambaye amekusamehe, ila kile kiuno bado, fundi wa ndege, na vichwa vyote ulivyovinyoa, vilivyokamilika na visivyokamilika. Upumzike kwa amani. Maadamu tuko hai, hutatutoka mioyoni.