Weupe wa Taa Mpya

Jumatano usiku, Novemba 1998

Basi nimezing'oa zote mbili kwenye gari na kurudisha balbu za zamani, lakini moyo haujatulia.

Muuza vipuri aliniambia wazi: "Hizi za xenon ni kali, bwana. Ukishazitia, mwambie fundi azishushe taa, usije ukawapofua watu." Mimi nikazitia mwenyewe uani, nikapenda weupe wake, nikaenda kujishaua nazo barabara ya Mama Ngina, kando ya bahari.

Nikirudi, magharibi imeshaingia, jirani yangu Mzee Athmani alikuwa akija na baiskeli yake. Nilimwona akiinua mkono kukinga macho, kisha akaanguka mtaroni. Nikamkimbiza hospitali. Kiwiko kimevunjika. Njia nzima alikuwa akinishukuru.

"Macho yangu yamekwisha, mwanangu," akasema. "Sikuona kitu ila weupe. Baiskeli basi tena."

Nikamwambia avumilie, tunakaribia hospitali.

Nilipomfikisha nyumbani, mkewe, Bi Rukia, aliniomba nimtafutie mtu wa kuinunua ile baiskeli. Nikamjibu, "Inshallah." Akaniombea dua pale pale mlangoni, nami nikaitikia amina.