Magodoro ya Noeli

Kwa shemeji yangu mheshimiwa, Mama Furaha,

Nakusalimu kwa heshima zote zikupasazo, pamoja na wote walalao chini ya paa lako huko Uvira. Natumaini miguu yako imepata nafuu. Uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu; tangu mvua zianze vidole vyangu hukakamaa kwa baridi, nami sikupenda kukuletea maandishi yasiyosomeka.

Mimi ni mzima hapa kambini Nakivale. Ila kuna jambo linalomhusu marehemu dada yako, nawe una haki ya kulijua.

Wiki iliyopita walikuja vijana wa kanisa moja la Mbarara, wanaojitolea kila Noeli inapokaribia. Waliahidi magodoro kwa wazee wote wa mtaa wetu. Niliwapokea nikiwa na koti langu lililopigwa pasi. Binti mwenye kamera akanitazama, akasema, “Mzee, hauna koti ingine? Ya kuchoka kidogo?”

Nikamjibu kwa adabu kwamba lililochoka nilikwisha kulifanya tambara.

Ndipo kiongozi wao akaeleza kwamba siku ya Noeli watanipeleka Kamukuzi, huko huko Mbarara, kwenye ibada yao, niwasimulie wafadhili jinsi mke wangu alivyofia njiani tulipokimbia vita. “Watu wakilia, wanatoa,” alisema. Nikauliza: nisipokwenda, magodoro yatakuja? Akatazama simu yake. “Tutaona, Mzee.”

Unisamehe, shemeji, kwa kuwadhania vibaya watu wenye zawadi mkononi. Lakini tangu siku ile hata salamu zao naziogopa.

Nilimweleza jirani yangu, mjane Mrundi alalaye juu ya mkeka, nikitarajia anihurumie. Akacheka. “Muzee, wewe uko na heshima, mimi niko na mgongo. Enda useme.”

Mgongo wake nauona kila asubuhi akiinuka mkekani. Kwa hiyo nitakwenda, na koti langu. Lakini habari za kifo cha dada yako sitazitoa. Nitawasimulia jinsi alivyonikataa nilipomposa mara ya kwanza, na jinsi baba yenu alivyocheka hata akamwaga chai. Wakiona hadithi hiyo haistahili godoro, basi langu mwenyewe, ingawa limebonyea katikati, litahamia kwa yule mjane jioni ile ile.

Unisalimie mdogo wako fundi cherehani, binti yako mkubwa muuza dagaa, na katekista mzee aliyetufundisha kabla ya ndoa.

Ni mimi, shemeji yako mtiifu,
Baba Riziki

(Nyuma ya bahasha:) Barua hii anakuletea Zihindula, muuza vitenge wa hapa kwetu, anayekuja kumtazama mama yake mgonjwa. Tafadhali umpe chai kabla hujaifungua.