Kigoda cha Dirishani

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mama, ambaye magoti bado yanamsumbua ila ulimi ni mzima kabisa. Nijulishe hali yako na ya wifi yangu. Sisi huku tunapumua, ingawa miguu imetuvimba, na miguu hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Unaikumbuka desturi ya baba pale kwenye karakana yetu ya ushonaji. Kila asubuhi aligonga fremu ya mlango kwa subana yake, kile kikofia cha chuma cha kidoleni, nasi mafundi wote tukasimama mpaka yeye aketi kwenye kiti chake. Ukimuuliza kwa nini, alijibu kwamba heshima si utumwa, basi. Wewe unajua kuliko sisi ilivyokugharimu siku ile ambayo hukusimama, akakufukuza mbele ya watu.

Tangu tumzike, subana inaendelea kugonga.

Usicheke. Asubuhi ya kwanza sote tulisimama kabla hatujakumbuka kwamba mwenyewe yuko kaburini. Zikaja hatua zake, ule mguu wa kushoto ukiburuta, zikapita katikati ya vyerehani. Tukangoja kiti kilie. Hakikulia. Kwa kuwa yeye hakuketi, nani angethubutu? Mkasi, mkata vitambaa wetu, alisema hamwogopi maiti, ila hajawahi kumkosea mzee adabu na hataanza leo. Mama Vifungo, mshona vifungo wetu, alijaribu kukaa, akainuka mbio akisema amesikia mtu anashusha pumzi sikioni mwake. Sasa tunasimama hivyo mpaka mchana, na cherehani hakikanyagwi kwa kusimama. Kazi zimelala. Mkasi ameniambia waziwazi kwamba mambo yakiendelea hivi ataaga, na karakana ikifungwa, mama na mimi hatuna pengine pa kushika.

Niliogopa, kaka, kisha nikakasirika. Niliona baba anatutesa hata kutoka kaburini.

Jana Mkasi aliangusha kopo la unga wa chaki, ukatapakaa sakafuni. Kabla hatujafagia, subana ikagonga. Tukaziona nyayo zikijichora kwenye unga ule, moja kamili, nyingine mstari. Hazikwenda kwenye kiti. Zilikwenda dirishani, kwenye cherehani chako, zikatulia pamoja, zikikielekea kigoda chako.

Cherehani kile baba alikifunika shuka kwa mikono yake na kukataza kisiguswe. Nililifunua. Sindano imevunjika, na kitambaa kilicho chini yake kina damu iliyokauka. Kumbe siku ile hukumdharau mtu. Sindano ilikuwa imekupita kidoleni, hukuweza kuinuka, na kwa kiburi cha ukoo wetu hukusema. Naye alipoiona damu, akanyamaza kwa kiburi kilekile.

Kuna jambo sikukueleza alipofariki. Siku zake za mwisho, kila mlango ulipofunguliwa alijitahidi kuinuka kitandani. Tulidhani amechanganyikiwa, na mimi ndiye niliyemshika mabega na kumlaza. Sasa naamini kila mara alidhani ni wewe unaingia, akataka kusimama mpaka wewe uketi.

Msalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mama anakuombea. Njoo, kaka. Hatutaki ushone hata tundu la kifungo. Njoo ukae tu kwenye kigoda chako, ili mzee naye apate kuketi.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba